KOMPYUTA ISIYOWAKA: KUUFUATA UMEME KAMA MKAGUZI AFUATAVYO FEDHA

Somo kwa makarani, makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi

Utangulizi

Baadhi ya vyama vya msingi hutunza hesabu zao katika kompyuta ya zamani iliyokuwa ya nyumbani. Pengine ilitolewa na mwanachama ambaye watoto wake wamepata nyingine mpya, au ilinunuliwa kwa bei nafuu kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Mashine ya namna hiyo si ya kudharauliwa. Ikitunzwa vizuri huweza kuandika orodha ya wanachama, uzito wa mazao na malipo kwa miaka mingi.

Lakini huja asubuhi moja, na aghalabu huwa siku ya malipo, karani akabonyeza kitufe na mashine isiitike. Hapo ndipo fedha za wanachama zinapoanza kupotea. Kuna kamati ambazo huamua papo hapo kwamba kompyuta imekufa, na kupitisha ununuzi wa mpya. Kuna wanaomkabidhi fundi yeyote apitaye mashine nzima, pamoja na kumbukumbu zote zilizomo, bila hata hati ya makabidhiano. Na kuna wanaoifungua kwa bisibisi ilhali bado imechomekwa ukutani. Yote hayo hufanyika kabla mtu hajaitazama fyuzi ya plagi.

Somo hili laeleza jinsi ya kutafuta kasoro ya umeme katika kompyuta ya mezani iliyotengenezwa kwa mpango uitwao ATX, ambao kampuni ya Intel iliutoa mwaka 1995 na ambao ulienea katika kompyuta nyingi za mezani zilizofuata. Kanuni yake ni moja, nayo wanaushirika wanaifahamu tayari. Mkaguzi wa hesabu hasemi kwamba fedha zimeibwa kabla hajaifuata shilingi tangu stakabadhi, daftari la fedha, hadi hati ya benki. Vivyo hivyo, anayetafuta kasoro ya umeme na aufuate tangu ukutani hadi ndani, na katika kila kituo aulize swali moja tu: Je, umeme umefika hapa, au haukufika?

1. Mwendo wa umeme ndani ya kompyuta

Umeme wa ukutani katika Tanzania ni wa volti 230, nao hugeuza mwelekeo wake mara kwa mara. Sehemu za ndani ya kompyuta haziwezi kuupokea umeme huo. Zinahitaji umeme wa upande mmoja, tena wa volti chache sana: 12, 5 na 3.3.

Kazi ya kuubadili hufanywa na kisanduku cha chuma kilichoko nyuma ya kompyuta, pale waya wa ukutani unapochomekwa. Mafundi hukiita pawa saplai. Kwanza, kisanduku hicho huunyoosha umeme wa ukutani uwe wa upande mmoja, na hapo hufikia takriban volti 325. Umeme huo huhifadhiwa katika kapasita kubwa, ambazo ni kama matangi madogo ya umeme. Kisha hukatwakatwa maelfu ya mara katika kila sekunde, hupitishwa katika transfoma ndogo, na mwishowe hugawanywa katika nyaya za rangi mbalimbali ziendazo kwenye bodi kuu na kwenye diski.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa. La kwanza ni kwamba kapasita hizo huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. La pili ni kwamba kitufe cha mbele hakikati umeme wa ukutani. Hutoa amri tu. Maadamu plagi imechomekwa na swichi ya nyuma imewashwa, mashine iliyozimwa huendelea kupata volti 5 za kusubiri.

2. Makatazo

Kabla ya hatua yoyote, makatazo haya yashikwe:

(a) Kisanduku cha pawa saplai kisifunguliwe ofisini kwa sababu yoyote ile. Hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki aliyefunzwa, tena mwenye vifaa vyake.

(b) Hakuna kiungo kinachochomolewa wala kuchomekwa ndani ya kompyuta ilhali plagi iko ukutani.

(c) Fyuzi iliyoungua isizungushiwe karatasi ya fedha ya sigara, wala waya. Fyuzi ni mlinzi, na kumfunga mlinzi kamba ni kumkaribisha moto.

(d) Kukiwa na harufu ya kuungua, moshi, au mlio wa kupasuka, plagi ichomolewe na mashine isijaribiwe tena mpaka fundi aitazame.

3. Kuanzia ukutani

Kituo cha kwanza ni soketi ya ukutani. Ichomekwe taa ya mezani katika soketi ileile ya kompyuta. Ikiwa haikuwaka, kompyuta haina hatia, na aitwe fundi wa umeme wa jengo. Ikiwa imewaka, itazamwe kwa muda. Taa inayofifia kila mashine ya kusaga ya jirani inapoanza kazi yaonyesha kwamba volti hushuka, na kompyuta ya zamani huenda ikajizima wakati huohuo.

Kituo cha pili ni soketi ya nyongeza, ikiwa inatumika. Iondolewe, na kompyuta ichomekwe moja kwa moja ukutani. Soketi nyingi za namna hiyo huwa na swichi yake yenyewe au fyuzi ndogo, na viungo vyake vya ndani hulegea kwa kuvutwavutwa.

Kituo cha tatu ni waya na plagi. Plagi ya miguu mitatu bapa huwa na fyuzi ndani yake. Njia rahisi ya kuijaribu pasipo mita ni kuazima waya wa skrini, kwa kuwa waya wa skrini nyingi za zamani ni wa namna ileile. Ikiwa skrini huwaka kwa waya huo, waya ni mzima. Na ikiwa kompyuta nayo itawaka kwa waya huo, basi kasoro ilikuwa katika waya wake au fyuzi yake. Fyuzi mpya ya ampea 5 yatosha kwa kompyuta ya mezani. Ile ya ampea 13 huruhusu umeme mwingi mno kuliko unaohitajika.

Kituo cha nne ni swichi ndogo iliyo nyuma ya kisanduku, yenye alama za I na O. Alama ya I maana yake umeme unapita. Mfagiaji huweza kuigusa bila kujua, na ofisi nzima ikahangaika mchana kutwa.

4. Swichi nyekundu ya 115 na 230

Visanduku vingi vya zamani vina swichi ya pili nyuma, mara nyingi nyekundu, yenye tarakimu 115 na 230. Swichi hii yastahili kuelezwa peke yake, maana kompyuta nyingi zilizotumika hutoka ng'ambo, na zile zilizotoka Marekani huja zikiwa zimewekwa kwenye 115, kwa kuwa umeme wa huko ni wa takriban volti 120.

Ikiwa mashine ya namna hiyo itachomekwa katika ukuta wa volti 230 bila kubadili swichi, kapasita zake kubwa zitapokea umeme maradufu ya ule zilioundiwa. Hupasuka kwa mlio mkubwa, na kisanduku huharibika papo hapo. Kwa hiyo kompyuta yoyote iliyotolewa au kununuliwa isichomekwe ukutani kabla mjumbe mmoja hajaisoma tarakimu hiyo, na mjumbe wa pili hajaithibitisha. Swichi ibadilishwe wakati plagi imechomolewa. Visanduku vya miaka ya baadaye havina swichi hiyo, kwa kuwa hujirekebisha vyenyewe. Kibandiko chake huandikwa 100–240.

5. Kuzisoma dalili

Ikiwa umeme umefika nyuma ya kompyuta na bado kuna taabu, dalili zisomwe kwa utulivu.

Kimya kabisa. Hakuna taa wala feni. Plagi ichomolewe, kitufe cha mbele kibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki utoke, kisha mashine iachwe kwa dakika 10 na kujaribiwa tena. Visanduku vingi hujifunga vyenyewe vinapopata mshtuko wa umeme, na hufunguka baada ya kupumzishwa.

Feni huzunguka kidogo na kusimama. Hii ni dalili kwamba kisanduku kimeona umeme ukivuja mahali fulani, nacho kimejizuia. Vifaa vya nje vichomolewe vyote. Kisha, plagi ikiwa nje ya ukuta, diski na kadi zichomolewe moja baada ya moja, na mashine ijaribiwe kila mara. Ikiwaka baada ya kifaa fulani kuondolewa, kifaa hicho ndicho chenye kasoro. Wakati huohuo watazamwe wadudu na mijusi, kwani hupenda joto la ndani, na mjusi mmoja akifa juu ya bodi huweza kuunganisha njia zisizopasa kuungana.

Huwaka, lakini hujizima au kuanza upya kazini. Aghalabu hutokea wakati wa kazi nzito. Sababu zaweza kuwa vumbi lililoziba feni, volti za ukutani kushuka, au kapasita zilizochoka. Kapasita zilizo juu ya bodi kuu zaweza kutazamwa bila kugusa kisanduku: ni vikopo vidogo vya mviringo, na kichwa chake hupasa kuwa bapa. Kilichovimba, au kinachovuja majimaji ya kahawia, kimeharibika. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita nyingi dhaifu ziliingia katika kompyuta za makampuni mbalimbali duniani, kwa hiyo mashine za umri huo zitazamwe kwa makini zaidi.

Huwaka vizuri, lakini tarehe hurudi nyuma. Kosa hili halitoki katika pawa saplai. Juu ya bodi kuu kuna betri bapa kama sarafu, aina ya CR2032 ya volti 3, inayolinda saa wakati mashine imezimwa. Ikiisha, saa hurudi miaka mingi nyuma. Bei yake ni ndogo, lakini madhara yake kwa chama ni makubwa: stakabadhi zitakazochapishwa siku hiyo zitakuwa na tarehe ya uongo, na katika ukaguzi hazitalingana na daftari la ghala wala na hati ya benki. Karani na aitazame tarehe kila asubuhi kabla ya kuandika chochote.

6. Kupima kwa mita

Hatua hii ifanywe na mtu aliyekwisha kuonyeshwa matumizi ya mita ya umeme, tena mbele ya mwenzake. Mita iwekwe kwenye volti za umeme wa upande mmoja, kipimo cha 20. Ncha nyeusi ya mita iguswe kwenye waya mweusi. Ncha nyekundu iingizwe kwa nyuma ya kiungo kikubwa kilichochomekwa katika bodi kuu. Mkono usiteleze, maana ncha ikigusa nyaya mbili kwa pamoja huweza kuharibu kilichokuwa kizima.

Vipimo vinavyokubalika ni hivi:

Waya wa zambarau: volti 4.75 hadi 5.25, wakati wote plagi ikiwa ukutani.
Waya mwekundu: volti 4.75 hadi 5.25, mashine ikiwa imewaka.
Waya wa njano: volti 11.40 hadi 12.60, mashine ikiwa imewaka.
Waya wa rangi ya machungwa: volti 3.14 hadi 3.47, mashine ikiwa imewaka.
Waya wa kijivu: karibu volti 5. Huu ni ushuhuda wa kisanduku kwamba umeme wake umetulia.
Waya wa kijani: huwa na volti kadhaa mashine ikiwa imezimwa, na hushuka karibu na 0 kitufe kinapobonyezwa.

Zambarau hupimwa kwanza. Ikiwa haina kitu, na umeme wa ukutani umethibitishwa, kisanduku kimekufa. Ikiwa ni nzima, hutazamwa kijani wakati kitufe kinapobonyezwa. Kijani kisiposhuka, amri haijafika: kitufe kimeharibika, au kasoro iko katika bodi kuu. Ili kuijua tofauti, plagi ichomolewe, na waya mdogo wa kitufe cha kuanzisha upya uhamishiwe mahali pa ule wa kitufe cha kuwashia. Ikiwa mashine itawaka, kitufe ndicho kibovu. Lakini ikiwa kijani hushuka na nyekundu na njano hazipati kitu, lawama ni ya kisanduku, au ya kifaa kinachovujisha umeme kama ilivyoelezwa juu.

Feni kuzunguka si ushahidi wa kutosha. Huweza kuzunguka kwa volti 10 kama izungukavyo kwa volti 12, kama vile sahihi huweza kuwapo katika hati isiyo na kiasi. Nambari za mita ndizo stakabadhi.

Mfano uliotungwa kwa ajili ya somo: Chama cha wakulima wa kahawa kina kompyuta ya mwaka 2004 inayoanza upya kila inapochapisha orodha ya malipo. Baadhi ya wajumbe wanasema ni virusi, wengine wanataka kununua mpya. Karani anapima na kuandika: zambarau 5.02; nyekundu 4.62, njano 11.10. Zambarau ni nzima, lakini nyekundu na njano ziko chini ya mpaka. Anachomoa diski ya pili isiyotumika na kupima tena, hakuna badiliko. Sasa kamati ina ushahidi: umeme wa ukutani umefika, amri imefika, kisanduku hakitoi kinachotakiwa. Kinachopasa kununuliwa ni kisanduku, na diski yenye hesabu za wanachama haikuguswa.

7. Kubadilisha, na kumkabidhi fundi

Ushahidi wa mwisho, kabla ya kutumia fedha, ni kuazima kisanduku kizima cha aina ileile na kukijaribu. Kisichojulikana hali yake kisiwekwe katika mashine ya chama. Tena, kamati isitazame wati peke yake. Visome vibandiko vyote viwili, cha zamani na cha kipya. Kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2001 hivi hutegemea zaidi volti 5, ilhali visanduku vya baadaye vimeelekeza nguvu zao katika volti 12. Ampea za kila mstari katika kibandiko kipya zisipungue zile za kibandiko cha zamani. Kadhalika, baadhi ya watengenezaji wa mwisho wa miaka ya 1990 walizipanga nyaya kwa namna yao wenyewe ingawa kiungo kilifanana. Rangi zilinganishwe moja moja.

Mashine za kabla ya ATX zina hatari mbili zaidi. Swichi yao ya mbele hupitisha umeme wa ukutani wenyewe. Na umeme wao huingia katika bodi kwa viungo viwili vinavyokaa sambamba. Nyaya nyeusi za viungo hivyo hupasa kukutana katikati. Zikigeuzwa, bodi huungua.

Endapo mashine itapelekwa kwa fundi, mambo matatu yatangulie. Kwanza, diski yenye hesabu itolewe na kufungiwa katika kasha la chama, kwa kuwa kutengeneza umeme hakuhitaji orodha ya wanachama. Pili, hati ya makabidhiano iandikwe ikitaja namba ya mashine, vifaa vilivyomo, vipimo vilivyopatikana na kazi iliyoagizwa. Tatu, fundi atakiwe kurudisha kifaa kibovu alichokitoa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kisanduku cha umeme ni mali kama gunia lilivyo mali.

8. Kinga

Radi inapoanza kunguruma, plagi ichomolewe. Kuzima kwa swichi hakutoshi. Umeme ukikatika, plagi ichomolewe vilevile, na irudishwe dakika kadhaa baada ya umeme kurejea na kutulia. Stebilaiza husawazisha volti, lakini haihifadhi umeme. Mashine ya akiba iitwayo UPS humpa karani dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu; betri yake kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, na joto huifupisha. Vumbi litolewe kwa brashi laini mara kwa mara, mashine ikiwa imechomolewa. Juu ya yote, nakala ya hesabu itolewe kila jioni na kuhifadhiwa nje ya kompyuta, na daftari la karatasi lisiachwe. Chama chenye nakala hupoteza mashine tu. Kisicho na nakala hupoteza deni la kila mwanachama.

Maswali ya kujadiliwa kikundini

1. Je, katika ofisi ya chama chenu, umeme hupita vituo vingapi tangu ukutani hadi kwenye kompyuta? Viorodhesheni na mtaje nani huvikagua.
2. Kompyuta iliyotolewa na mwanachama imeletwa leo kutoka ng'ambo. Nini kitatazamwa kabla ya kuichomeka, na nani atashuhudia?
3. Mita inaonyesha zambarau 5.00, kijani haishuki kitufe kinapobonyezwa. Je, kamati inunue kisanduku kipya? Toeni sababu.
4. Stakabadhi 40 zimechapishwa zikiwa na tarehe ya mwaka 2002. Kasoro iko wapi, na chama kifanye nini ili hesabu zikubaliwe na mkaguzi?
5. Nakala ya mwisho ya hesabu za chama chenu ilitolewa lini, na iko wapi sasa?